Mshono wa Tanga

Uzi haukukatika wenyewe. Binti aliliinua tanga, jua la asubuhi likapenya kwenye mshono uliofumuka, na hapo akaona: kila baada ya vidole viwili, uzi ulikuwa umekatwa kwa wembe, taratibu, kama fundi cherehani anavyofumua nguo ya mteja.

Kiangazi kizima alikuwa akijaribu kuvuka ziwa peke yake kwa mashua yake ndogo. Mara usukani ulivunjika, mara upepo ulilala, na Jumamosi tatu mfululizo mshono ulifumuka pale pale ufukoni. Leo ilikuwa Jumamosi ya mwisho kabla ya mvua.

Na aliyelishona tanga ni mama yake.

Mama alisimama karibu na chupa ya chai, akiyatazama maji kama mtu anayemtazama mbwa mkali wa jirani.

"Limefumuka tena? Pole, mwanangu. Uzi wa siku hizi hauna adabu."

"Hauna kabisa, Mama."

Ukungu ulielea juu ya ziwa bila haraka. Mama alikifunga kifuniko cha chupa, akakifungua, akakifunga tena.

Binti aliliweka tanga chini. Akachukua jaketi la kuokoa maisha, akamvalisha mama yake, akafunga mkanda mmoja mmoja.

"We, unanifanya nini?"

"Ukimaliza kushona, tunavuka wote."

Mama aliyatazama maji, akaukaza mkanda wa jaketi. Kisha akachomoa sindano kwenye ukosi wa gauni lake.

"Nishikie hapa," alisema. "Usilitikise."

Safari hii akaukunja uzi mara mbili.