Mlango wa Kijani

Tangu mumewe aanze kupotea jijini, Bi Salha alizunguka vitongoji akitafuta mji ambamo mtu hahitaji gari. Hatimaye akaupata: soko pale, msikiti pale, barabara moja iliyonyooka, na nyumba yenye mlango wa kijani.

"Hapa hata mtoto hapotei," dalali alijigamba.

Asubuhi walipokwisha kuhamia, alimkabidhi mumewe, Mzee Shekue, kikapu. "Nenda sokoni, baba watoto, ulete nyanya. Nyumba ni hii ya mlango wa kijani."

Akabaki dirishani, roho mkononi. Jua lilipopanda akamwona anarudi, kikapu kimejaa, hatua zake hazisiti, mpaka mlangoni penyewe. Alhamdulillahi!

"Hodi!" mzee akaita.

Bi Salha akafungua huku akicheka. Shekue alikuwa amevua makubadhi na kuyageuza yaelekee barabarani, kama mgeni asiyekusudia kukaa.

"Samahani, mama," alisema kwa adabu. "Nimeambiwa nyanya nilete mlango wa kijani. Sasa nielekeze kwangu, mke wangu asije akahangaika kunitafuta."

Bi Salha akakipokea kikapu, akaitazama ile barabara iliyonyooka, nyeupe kwa jua, isiyo na mahali pa kumpoteza mtu.