Nyuma ya Tunu

Mwanamke asiyejulikana aliingia kwenye kibanda cha kinyozi, na wateja wakadhani amepotea njia.

"Naitwa Tunu. Nagombea uenyekiti wa mtaa," alisema. "Nataka zile taka za nyuma ya zahanati ziondolewe."

Shebe, wembe mkononi, hakuinua hata kichwa. "Haya, dada. Siku hiyo nitasimama nyuma yako."

Jumapili uwanja ulijaa. Kura ya mtaa ule haikuwa ya karatasi. Kila mtu alijipanga nyuma ya mgombea wake, mchana kweupe. Mlolongo wa mwenyekiti wa zamani ulifika barabarani, na Shebe alikuwamo. Nyuma ya Tunu palikuwa na nyasi tu.

Shebe akatoka kwenye mlolongo.

"Wee kinyozi!" mwenyekiti aliita, akicheka. "Kibanda chako kiko kwenye kiwanja cha nani?"

"Chako, mzee."

"Na kesho utanyolea wapi?"

"Sijui, mzee. Lakini nilimwahidi."

"Leo kinyozi ananyolewa bila maji!" mtu alipaza sauti, na watu wakaangua kicheko.

Shebe akavuka uwanja. Tunu alizisikia hatua zake. Hakugeuka, alisogea mbele kidogo, kama mtu anayewaachia wengi nafasi.