Sega Lililorudishwa Mzingani

Jambo hili Nyegere aliambiwa kwanza na Mlembe, ndege anayejua kila mzinga msituni.

"Mama Tindo, ukivunja mzinga utakula mara moja tu," alisema Mlembe. "Ulinde, na kila maua yakichanua nyuki watakupa gawio lako."

Nyegere, aliyekuwa akimlea mwanawe Tindo peke yake, akakubali. Nyegere wenzake walimcheka. "Tangu lini ukoo wetu ukawabishia nyuki hodi?" Wakaacha kumtembelea.

Maua yalipochanua, nyuki walimletea kipande cha sega. Tindo akatoa ulimi.

"Bado, mwanangu. Tukirudishe, mzinga ukue. Ni wako huu."

"Hata kulamba, mama?"

"Hata kulamba."

Ikawa hivyo kila msimu. Mama na mwana walikula mizizi na nge. Mzinga ukajaa, na Tindo akakua, akaacha kuuliza. Siku moja akasimama mlangoni mwa shimo lao.

"Naenda kwa wanaovunja, mama. Wao angalau wanajua ladha ya asali."

Jioni ile nyuki walileta sega zito kuliko masega yote ya nyuma. "Mama Tindo, tulirudishe tena?"

Nyegere alilitazama shimo lake tupu.

Kesho yake asubuhi aliwaambia nyuki warudishe sega lote, isipokuwa kipande cha kuwatosha wawili. Akakifunga kwenye jani bila kukilamba, akafuata nyayo za Tindo kabla upepo haujazifuta.