Kofia ya Jenerali

Mahojiano yalipokwisha, Jenerali Kisaka alivua kofia yake ya kijeshi, akaiweka kitini na kumkaribisha chakula Mwanaidi, mwandishi wa habari. Alimnawisha mikono yeye mwenyewe, akamsogezea paja la kuku.

"Leo umejibu vizuri, Mzee," Mwanaidi alimtania. "Kama redio ya serikali."

Jenerali alicheka kidogo, kisha akashusha sauti.

"Mwanangu, vita hivi tumeshashindwa. Nilimwomba Rais tuwarudishe vijana. Akaniambia nisubiri uchaguzi upite. Nami nasubiri, huku wanakufa."

Mwanaidi alirudisha tonge sahanini. Kando ya bakuli la mchuzi, kinasa sauti alichosahau kukizima kilikuwa bado kinawaka taa nyekundu. Maneno yale yangeweza kuwarudisha vijana nyumbani. Yangeweza pia kumpeleka mzee huyu gerezani.

Angeweza kukitia mkobani kimyakimya. Badala yake alikisukuma mbele ya Jenerali.

"Kimekunasa, Mzee. Nilisahau kukizima. Sitaki kukuibia maneno ukiwa unanilisha. Ukisema nifute, nafuta."

Askari aliyesimama mlangoni alipiga hatua kuja mezani. Jenerali akamzuia kwa kiganja chenye mchuzi.

"Mwache mgeni ale."

Akaitazama ile taa kwa muda mrefu. Kisha akanawa, akajifuta kidole kimoja kimoja, akaichukua kofia yake kitini na kuivaa, akaketi wima.

"Niulize tena," akasema.