Kichupa cha Kumi na Tisa

Kichupa cha kumi na tisa Ngwali alikibeba kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba yai, na jicho lake la kushoto halifunguki kwa kuumwa na nyuki. Asubuhi ile hata salamu za watu hakuitikia vizuri. Ilikuwa Jumatatu, na dhima ya mguu wa Soud ilikuwa shingoni mwake.

Maana tawi alilikata yeye. Alikuwa juu ya mzambarau, makumbi ya nazi yanafuka moshi, anakata tawi kavu lenye nyuki ndani, Soud akapita chini. Tawi nalo likashuka, likampasua muundi mpaka mfupa ukachungulia. Watu walipokuja mbio Ngwali akaapa, "Wallahi sikumwona!"

Na watu wawili hawa, ungewaona zamani! Walitahiriwa siku moja, wakakua wanakula sahani moja, ukimtafuta huyu unamuulizia yule. Ndipo ikaja siasa. Huyu chama cha Hizbu, yule cha Afro, na baada ya kura za Juni ile ya sitini na moja, basi tena. Duka la mwenzio huingii, hata kiberiti kikuishie ule muhogo mbichi. Mkewe Soud alipofariki, Ngwali alisimama nyuma ya ua wake, akaliona jeneza linapita, asitoke kulibeba. Hilo nalo lilikuwa likimtafuna.

Aliyekata shauri ni Bi Mwatum, mkunga, bibi wa dawa, ambaye nusu ya kijiji ilizaliwa mikononi mwake.

"Asali mbichi haijashindwa na kidonda," alisema. "Ngwali, umejeruhi wewe, utaleta wewe. Kila asubuhi kichupa kimoja, mpaka kifunge. Kikishafunga, kila mtu na njia yake na siasa yake, msinichoshe roho."

Akawa analeta. Siku za mwanzo anakiweka kizingitini, anakohoa, anaondoka. Siku ya tano Soud akamwita kutoka ndani, "Kwani nyumba yangu inanuka?" Ngwali akaingia. Siku ya nane alikuta vikombe viwili vya kahawa vimeshamiminwa, na kashata pembeni.

Mazungumzo yakarudi kidogo kidogo, kama maji ya kisima kilichozibuliwa. Kidonda tu ndicho hakikurudi nyuma. Kila siku kibaya kuliko jana.

"Leo nikupake mie," Ngwali alisema asubuhi moja.

"Hasha. Mguu wangu, naupaka mwenyewe. We lete tu."

"Basi nipe kichupa cha jana. Nimeomba vichupa mpaka watu wananikimbia."

"Kimevunjika."

"Na cha juzi?"

"Nacho pia."

"Yakhe, nyumba hii ina jini la chupa?"

Soud alicheka mpaka akakamata mguu kwa maumivu. Sisimizi walikuwa wakipita kwa mstari mmoja chini ya kitanda, akawapungia mkono. "Mtu asiye na mke hafagii," alisema. Kisha akauliza, "Kikifunga hiki, utapumzika, siyo?"

"Nitapumzika, bwana. Nyuki wamenimaliza."

Soud akageukia ukutani. Siku ile kahawa hakuimaliza.

Ijumaa wakampeleka hospitali Wete. Daktari akafungua kitambaa, akakunja uso. "Jumatatu mrudisheni. Kisipoanza kufunga, tutaukata gotini."

Tangu hapo Ngwali akawa anajiuliza. Asali ilikuwa ile ile. Ilimponya mjukuu wa Bi Mwatum aliyeungua na uji, siku tisa tu, ngozi laini kama hajapata kuungua. Kwa nini huku ikatae? Jibu alilijua. Mungu haweki baraka katika dawa ya mwongo.

Basi Jumatatu ile aliingia, hakukaa, hakugusa kahawa.

"Soud. Nilikuona."

"Umeniona wapi?"

"Siku ya tawi. Nilikuona toka mbali unakuja, na tawi limeshaanza kulia. Neno moja tu lingetosha. Nikasema moyoni, mtu huyu simsemeshi tangu Juni, leo nitaanzaje? Mpaka nafungua mdomo, limeshakwenda." Machozi yakamtoka, hata lile jicho lililofumba. "Nikaapa uongo mbele ya watu. Ndiyo maana huponi. Nisamehe, kabla hawajaukata."

Soud alizungusha kikombe chake.

"Na mie nililisikia panga," alisema. "Nikajua ni wewe uliye juu. Ningebisha tu, 'Ngwali, napita,' ungelizuia. Sikubisha. Nilisema, nimwombe njia mtu asiyenizikia mke?"

Ngwali akainamisha kichwa. Nje gari likapiga honi, na vijana wakaita kwamba machela iko tayari.

"Haya, tusimuweke dereva," Ngwali alisema, akijifuta uso. "Makubadhi yako yako wapi? Uvunguni?"

"Yaache! Nitakwenda peku."

"Wete, peku? Watasema hatukutunzi."

"Ngwali, nakwambia yaache!"

Lakini Ngwali ameshainama.

Uvunguni, sisimizi tele, na vichupa kumi na vinane vimepangwa safu, kila kimoja kimejaa mpaka shingoni, vizibo vya gunzi havijaguswa.

Soud alikuwa akitazama ukutani.

"Sasa ukinipaka," alisema, "kesho utakuja?"