Bangili ya Anayesema Haiumi

Siku hiyo mjinga alikuwa Shaali mwenyewe, wala tusimtafutie mwenzake. Mwanafunzi wa udaktari kutoka Pemba, ametumwa Kigali kutazama tu wodi ya watoto, na mdomo ukamponza. Keza, binti wa miaka saba, aliiona sindano ya uti wa mgongo akaanza kutetemeka. Shaali akambembeleza kama alivyozoea kwao: "Haiumi, mdogo wangu. Ni kama kuumwa na mbu."

Wodi nzima ikamgeukia. Muuguzi Mukamana akamvisha bangili ya chuma. "Ndiyo sheria ya hapa, kaka. Anayemwambia mtoto haiumi, huvaa hii ayasikie maumivu ya mtoto huyo."

Sindano ilipomwingia Keza mgongoni, Shaali alimwita mama yake kwa sauti iliyofika mpaka jikoni. Keza naye alilia, lakini alimshika Shaali mkono.

"Kumbe mbu wa kwenu wakubwa hivyo," Mukamana alisema.

Shaali alijifuta jasho, akajitetea. "Nicheke tu, sista. Lakini watoto wa kwetu nikiwaambia hivyo hutulia."

Keza alimtazama, mkono hajauachia bado. "Hutulia, kaka, au hunyamaza?"