Mbili Ndani ya Kimoja

"Bibi Semeni, kidonge hiki kimoja kina dawa zako zote mbili," muuguzi alisema. "Vile vya zamani usivimeze tena, presha itashuka mno uanguke. Nani yupo nyumbani akuinue?"

"Tupo tele, mwanangu. Mimi, paka, na kiti cha marehemu."

Muuguzi alicheka. Semeni naye akacheka, kwa adabu tu.

Asubuhi alimeza kile kipya. Mkono, kwa mazoea, ukafuata vya zamani, ambavyo mumewe alikuwa akimtilia kiganjani kila siku. Alivitazama sana, kisha akavifunga kwenye pindo la khanga, avirudishe kliniki. Akajisogeza ukingoni mwa kitanda. Aliambiwa asiinuke ghafla.

"Haya, bwana, polepole basi," alisema, akakinyooshea kiti mkono.